Aliyetibiwa ubongo kwa miale asitupe karatasi zake

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Meru na Embu, ni wachache wanaosema kwamba jamaa yao anapewa tiba ya miale. Wengi husema tu kwamba mgonjwa "anachomwa". Neno hilo hutamkwa kwa sauti ya chini, kwenye foleni ya kliniki au ndani ya matatu ya alfajiri inayoteremka kuelekea Nairobi, na mara nyingi hufuatwa na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi: je, ni kweli kwamba kuchomwa huko nako huleta saratani?

Swali hili ni la haki, na halifai kupuuzwa na daktari wala kuachiwa jirani alijibu. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, ni kweli: miale inayotumiwa kutibu uvimbe wa ubongo inaweza, kwa watu wachache na baada ya miaka mingi, kuzusha uvimbe mwingine mpya mahali pale pale ilipopita. Pili, hatari hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na hatari ya kuuacha uvimbe wa kwanza bila tiba.

Sehemu hizi mbili zapasa kushikwa pamoja. Anayeishika ya kwanza peke yake humrudisha mgonjwa nyumbani kabla tiba haijakwisha, na uvimbe ukaendelea kukua. Anayeishika ya pili peke yake hupona, akatupa karatasi zake za hospitali, na miaka 20 baadaye hakumbuki kumwambia daktari kwamba aliwahi kutibiwa kichwa kwa miale. Makosa yote mawili yanaweza kugharimu maisha.

UVIMBE WA PILI NI UPI?

Mtu aliyetibiwa uvimbe wa ubongo akipatikana tena na uvimbe kichwani, kuna mambo matatu ambayo huenda yametokea, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni uvimbe ule ule kurudi. Masalio yake machache yalinusurika upasuaji na miale, yakakua upya. La pili ni kuenea: saratani iliyoanzia kwingine, mathalani kwenye titi au pafu, imesafiri kwa damu hadi kichwani. La tatu, ambalo ndilo tunalolizungumzia leo, ni uvimbe mpya kabisa ulioanzishwa na tiba yenyewe.

Madaktari huutambuaje uvimbe huu wa tatu? Mnamo 1948 daktari William Cahan na wenzake wa New York waliweka masharti ambayo yangali yakitumiwa hadi leo. Uvimbe mpya uwe umeota ndani ya eneo lililopigwa miale. Uwe wa aina tofauti na ule uliotibiwa mwanzo. Tena uwe umejitokeza baada ya muda mrefu, kwa kawaida miaka kadhaa. Kwa hivyo, kitu kinachoonekana kwenye picha miezi sita tu baada ya tiba karibu kila mara si uvimbe wa pili. Huenda ni ule wa kwanza unaorudi. Wakati mwingine si uvimbe hata kidogo, bali ni sehemu ya ubongo iliyofura au kufa kutokana na tiba, nayo ikapigwa picha hufanana mno na uvimbe.

Aina mbili ndizo huonekana zaidi ndani ya kichwa. Meninjioma huota kwenye utando unaoufunika ubongo. Mara nyingi hukua polepole na huweza kuondolewa kwa upasuaji. Glioma huota ndani ya nyama ya ubongo wenyewe, nayo huwa kali zaidi na ngumu kutibu. Nje ya ubongo, mtu anaweza kupata saratani ya ngozi ya kichwa. Waliopigwa miale ubongo pamoja na uti wa mgongo wanaweza pia kupata saratani ya thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo, kwa sababu miale inayopita mgongoni hutokea upande wa mbele.

DAWA YA MOTO NI MOTO

Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, aligundua miale ya eksirei mnamo Novemba 1895. Haikuchukua muda kabla ya watu kuona kwamba miale hiyo ina sura mbili. Madaktari walianza kuitumia kuyeyusha uvimbe, na papo hapo wafanyakazi waliokuwa wakiishika mitambo hiyo kila siku wakaanza kuungua mikono. Kufikia 1902 saratani ya ngozi ilikuwa imeripotiwa kwenye mkono wa mmoja wao huko Ujerumani. Mnamo 1904, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison wa Marekani, alikufa baada ya mikono yake kuharibiwa na miale.

Sababu ya sura hizo mbili ni moja. Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo ndogo hai, na ndani ya kila seli mna DNA, ambayo ni kama maandishi ya maagizo: lini seli igawanyike na lini ikome. Miale yenye nguvu huyakatakata maandishi hayo. Seli za uvimbe, ambazo hugawanyika ovyo na hazijui kujirekebisha vyema, hufa. Seli nzima zilizo jirani hupata majeraha pia, lakini nyingi hujirekebisha kabla ya siku inayofuata.

Ndiyo maana tiba hii haitolewi kwa mkupuo mmoja. Kipimo cha miale huitwa grei. Kwa aina nyingi za uvimbe wa ubongo mgonjwa hupewa jumla ya grei 50 hadi 60, lakini kidogo kidogo: karibu grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hivi. Mapumziko ya usiku na ya wikendi ni nafasi ya seli nzima kujitengeneza.

Tatizo huzuka pale ambapo seli nzima haikufa wala haikurekebishwa sawasawa. Hubaki hai ikiwa na maagizo yenye kosa. Inaweza kukaa kimya miaka mitano, kumi, hata thelathini, ikikusanya makosa mengine, hadi siku inapoanza kugawanyika bila breki. Huo ndio mwanzo wa uvimbe wa pili.

Watoto wako katika hatari zaidi ya watu wazima kwa sababu mbili. Seli zao zingali zinakua na kugawanyika kwa kasi. Pia wana miaka mingi mbele yao, na kosa lililojificha lina muda wa kutosha wa kujitokeza. Mzee wa miaka 70 anayetibiwa leo hana sababu kubwa ya kuogopa uvimbe ambao ungehitaji miaka 20 kuota. Mtoto wa miaka 6 anayo.

SOMO LA MAPUNYE

Msomaji anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba ni miale iliyoleta uvimbe huo, wala si bahati mbaya ya mtu aliyekwisha kuwa na uvimbe mmoja? Jibu la wazi kabisa lilitoka kwa watoto ambao hawakuwa na saratani yoyote. Walikuwa na mapunye tu.

Kati ya 1948 na 1960, maelfu ya watoto waliohamia Israeli, wengi wao kutoka nchi za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walitibiwa mapunye ya kichwa kwa miale ya eksirei. Wakati huo ndiyo iliyokuwa tiba ya kawaida katika nchi nyingi: miale iling'oa nywele, na ukungu uliosababisha mapunye ukaondoka nazo. Vidonge vya griseofulvini, ambavyo leo mzazi yeyote wa Nyeri anaweza kuandikiwa zahanatini, vilianza kutumika mwishoni mwa kipindi hicho.

Watafiti waliwafuatilia watoto 10,834 waliotibiwa hivyo, wakawalinganisha na watoto wengine ambao hawakupigwa miale. Matokeo yaliyochapishwa 1988 yaliwashtua madaktari wa dunia nzima. Waliopigwa miale walikuwa wamepata meninjioma karibu mara 10 zaidi ya wenzao, na glioma zaidi ya mara mbili. Nao ubongo wao ulikuwa umepata wastani wa grei 1.5 tu, kipimo kidogo sana kikilinganishwa na kile cha kutibu uvimbe. Mnamo 1994 Israeli ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia waathiriwa.

Somo hapa ni kwamba miale haipaswi kutumiwa kwa ugonjwa ambao hauui na ambao una dawa nyingine. Uvimbe wa ubongo ni jambo jingine kabisa.

HATARI NI KUBWA KIASI GANI?

Neno "mara kumi" hutisha. Lakini kitu kilicho nadra sana, hata kikizidishwa mara kumi, hubaki kuwa nadra. Tutazame hesabu yenyewe.

Madaktari wa Uingereza waliwafuatilia watu 334 waliotibiwa kwa miale kwa sababu ya uvimbe wa pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ripoti yao ya 1992 ilionyesha kwamba katika muda wa miaka 20 uwezekano wa kupata uvimbe wa pili wa ubongo ulikuwa karibu 2 kwa 100. Chukua matatu saba za abiria 14 kwenye steji ya Nyeri, zote zikiwa zimejaa. Hao ni abiria 98. Idadi kama hiyo ya watu ingemaliza miaka 20 bila uvimbe wa pili, na watu wawili zaidi, waliobaki wamesimama stejini, ndio ambao wangeupata.

Kwa watoto, utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliwafuatilia watu 14,361 waliougua saratani za aina mbalimbali utotoni kati ya 1970 na 1986, wakaishi angalau miaka mitano baadaye. Kufikia ripoti ya 2006, watu 116 kati yao walikuwa wamepata uvimbe mpya wa ubongo au wa uti wa mgongo. Hao ni karibu 8 katika kila 1,000. Waliopigwa miale kichwani walibeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na kadiri kipimo kilivyokuwa kikubwa ndivyo hatari ilivyoongezeka. Glioma zilijitokeza baada ya miaka 9 hivi, ilhali meninjioma zilichukua karibu miaka 17.

Nambari hizo mbili za mwisho ndizo zenye maana zaidi kwa msomaji. Miaka 9, miaka 17. Kufikia wakati huo mtoto amemaliza shule, pengine ameoa au kuolewa, amehamia mji mwingine, na hakuna anayemwita tena mgonjwa.

KWA NINI BASI MIALE INGALI INATUMIWA?

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Hebu tuitazame hiyo shari kamili.

Miongoni mwa watu wazima wenye glioma kali, utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 1978 uligundua kwamba wale ambao baada ya upasuaji hawakupewa tiba zaidi ya kutulizwa waliishi kwa wastani wa wiki 14. Waliopewa miale waliishi wastani wa wiki 35. Tangu hapo dawa zimeongezwa na muda umerefuka, lakini miale ingali ndiyo nguzo ya tiba hiyo.

Kwa watoto tofauti ni kubwa zaidi. Uko uvimbe uitwao medulobilastoma, unaoota nyuma ya ubongo na kuwafanya watoto watapike asubuhi na kuyumbayumba wakitembea. Zamani, kabla ya miale, karibu kila mtoto aliyeupata alikufa hata baada ya upasuaji. Leo, katika hospitali zenye vifaa kamili, watoto zaidi ya 80 kati ya 100 ambao uvimbe wao haujaenea huishi miaka mitano na zaidi wakitibiwa kwa upasuaji, miale na dawa pamoja. Mzazi anayemwondoa mtoto wake hospitalini kwa kuogopa uvimbe wa mwaka wa 20 anamnyima nafasi ya kuufikia mwaka wa pili.

Aidha, madaktari hawakukaa wakitazama tu. Kwa watoto hao ambao uvimbe haujaenea, kipimo cha miale kwenye ubongo mzima na uti wa mgongo kimepunguzwa kutoka grei 36 hadi 23.4, kisha nyongeza huelekezwa mahali uvimbe ulipokuwa. Katika saratani ya damu ya watoto, ambapo zamani kichwa kilipigwa miale ili kuzuia ugonjwa usijifiche humo, hospitali ya St. Jude ya Marekani ilionyesha katika ripoti ya 2009 kwamba kwa dawa zilizopangwa vyema miale hiyo yaweza kuachwa. Kwa watoto wadogo sana, madaktari hujaribu kwanza kutumia dawa ili kuahirisha miale. Mashine za kisasa nazo hulenga uvimbe kwa usahihi zaidi kuliko zile za kobalti za zamani. Kuna hata mashine za protoni, ambazo miale yake husimama ndani ya uvimbe bila kutokea upande wa pili, ingawa ni ghali mno na ziko katika nchi chache.

Wako pia watu wachache ambao kwao tahadhari lazima iwe kubwa zaidi, kwa kuwa wamezaliwa na kasoro katika DNA. Mfano ni watoto wenye saratani ya jicho ya kurithiwa, ile ambayo mboni hung'aa nyeupe kama jicho la paka, na watu wenye ugonjwa wa neva unaoleta madoa mengi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi pamoja na vinundu mwilini. Ikiwa katika ukoo wako kuna watu kadhaa waliopata saratani wakiwa bado vijana, mwambie daktari kabla tiba haijaanza.

SAFARI NDEFU, FAILI MBILI

Kwa miongo kadhaa, hospitali ya umma iliyokuwa na mashine za tiba ya miale hapa Kenya ilikuwa moja tu, Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Katika miaka ya karibuni huduma hiyo imefunguliwa pia katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na katika vituo vya Nakuru na Garissa, mbali na hospitali za kibinafsi. Lakini wengi wa watu wa Nyeri, Kirinyaga na Meru ambao leo ni watu wazima, na ambao walitibiwa ubongo walipokuwa watoto, walitibiwa Nairobi. Mjini Nyeri ni karibu kilomita 150 kutoka huko. Familia ilitafuta jamaa wa kuwapokea wiki sita, tiba ikaisha, wakarudi nyumbani. Faili lilibaki Nairobi. Lile la Nyeri, kama liliwahi kufunguliwa, liliandikwa "maumivu ya kichwa".

Tuseme msichana wa Tetu alitibiwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 8. Alipona. Sasa ana miaka 27, ana duka la nguo Nanyuki na mtoto mmoja. Kichwa kinaanza kumuuma kila asubuhi. Anaenda kliniki, anapimwa presha, anapewa vidonge vya maumivu. Mwezi unaofuata anaenda kliniki nyingine. Hakuna anayemwuliza kuhusu utoto wake, naye hasemi, kwa sababu mama yake alimwambia tangu zamani kwamba yale yalikwisha na wachumba hawapendi kuyasikia. Anapoanguka kifafa dukani ndipo anapigwa picha ya kichwa, na kupatikana na meninjioma ya ukubwa wa ndimu. Ingaliweza kuonekana mapema, ikiwa ndogo kama punje ya haragwe.

Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna daktari atakayeuona wa ajabu. Kilichomkosa msichana huyu si mashine ya mamilioni. Ni karatasi moja, na sentensi moja: "Nilitibiwa kichwa kwa miale nikiwa mtoto."

Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali. Kila aliyemaliza tiba ya miale anapaswa kuondoka hospitalini na muhtasari wa matibabu ulioandikwa. Muhtasari huo uonyeshe jina la uvimbe kama lilivyosomwa na maabara. Tarehe ya kuanza na kumaliza miale. Jumla ya grei na idadi ya siku. Sehemu iliyopigwa, kama ni mahali pa uvimbe tu, ubongo mzima, au pamoja na uti wa mgongo. Na majina ya dawa za saratani alizopewa. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu. Mwachie ndugu mmoja nakala. Kama ulitibiwa zamani na huna chochote, rudi katika hospitali iliyokutibu ukiwa na kitambulisho na uombe muhtasari. Ikiwa faili limepotea, andika mwenyewe unayoyakumbuka na uwaulize wazazi wangali hai.

DALILI ZA KUTAZAMA

Maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe. Yanaweza kuletwa na mafua, presha, macho, uchovu au mawazo. Lakini kwa mtu aliyewahi kupigwa miale ya ubongo, dalili zifuatazo hazifai kusubiri:

1. Maumivu mapya ya kichwa yanayozidi wiki baada ya wiki, hasa asubuhi au unapoinama, pengine pamoja na kutapika.

2. Kifafa cha mara ya kwanza, au kifafa kilichokuwa kimetulia kikarudi.

3. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi, au kuyumba unapotembea.

4. Macho kufifia au kuona vitu viwili viwili, sikio moja kupoteza nguvu, au ulimi kuwa mzito.

5. Tabia kubadilika: mtu mchangamfu akawa mzito, msahaulifu au mkali bila sababu.

6. Kidonda au kinundu kwenye ngozi ya kichwa kisichopona, hasa pale nywele zilipokatika wakati wa tiba.

7. Uvimbe mbele ya shingo.

Hata bila dalili, aliyetibiwa utotoni anastahili kuonwa na daktari kila mwaka, maisha yake yote. Shingo yake ipapaswe, ngozi ya kichwa itazamwe, macho na homoni vipimwe, kwa kuwa miale huweza pia kudhoofisha tezi ya pituitari na kuleta upungufu wa homoni. Daktari ndiye atakayeamua kama picha ya MRI inahitajika na baada ya muda gani. Picha hiyo hutumia sumaku, wala haiongezi miale mwilini. Picha ya CT hutumia miale, lakini kipimo chake ni kidogo sana kando ya kile cha tiba. Ikihitajika kwa dharura, usiikatae.

Kuhusu gharama, uliza katika ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, ni vipimo gani vinavyolipiwa na kwa kiasi gani, kabla hujauza ng'ombe au kuitisha mchango.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama, tena kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Kwa hivyo usione haya kuuliza kabla ya kutia sahihi:

Je, uvimbe huu unaweza kutibiwa kwa upasuaji au dawa pekee? Tukiacha miale, nini kitatokea na baada ya muda gani? Mtoto wangu atapewa grei ngapi, na sehemu gani itapigwa? Je, ni salama kungoja akue kidogo? Baada ya tiba, ni nani atakayemfuatilia, na hospitali gani iliyo karibu na nyumbani itatumiwa muhtasari wake?

Daktari mzuri hatakasirika. Akikujibu kwamba hatari ya uvimbe wa pili ipo lakini ni ndogo, na kwamba uvimbe wa kwanza hauna subira, anakueleza ukweli. Mpe mgonjwa tiba yake, na usiikatize njiani.

Na wewe uliyekwisha kupona, iwe ulitibiwa mwaka jana au zamani ukiwa darasa la pili, kuna jambo la kufanya wiki hii. Itafute ile bahasha ya hospitali, pengine iko chini ya godoro la mama au ndani ya sanduku kule nyumbani. Isome, uitunze mahali pakavu, na safari ijayo utakapoingia kliniki yoyote, hata kwa homa tu, iweke mezani mbele ya daktari kabla hajakuuliza.